Mikono ya Mwizi wa Msalabani

6 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi huku ni mzima wa roho na mwili, isipokuwa goti la kushoto linanisumbua kwa kupanda ngazi kila siku. Tunaezeka kanisa. Mabati yamefika, misumari haijatosha, kwa hiyo tunasali nusu yetu kivulini na nusu juani, na wale wa juani ndio wepesi wa kusema amina. Uliniandikia mwaka juzi kwamba kaburi la mama limetitia. Umelishughulikia? Na kazi ya hospitali bado unayo?

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Baraza la wazee limekubali niwekewe mikono, niwe mchungaji, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Limebaki jambo moja. Katika kanisa letu mtu hawekewi mikono mpaka ifike barua ya nyumbani. Huandikwa na ndugu wa damu, hufungwa kwa gundi, haipiti mikononi mwa anayehusika. Hufunguliwa siku ile ile mbele ya waumini wote, na mzee mmoja huisoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanzilishi wetu aliweka utaratibu huo kwa sababu, alisema, nyumbani ndiko mtu anakoonekana bila kanzu.

Ndugu wa damu nimebaki na wewe tu. Andika kwamba nilikuwa mtu wa hasira, na kwamba sasa nimeokoka. Mengine usijisumbue nayo. Wokovu hauko katika tuliyoyatenda wala tunayoyatenda. Yule mwizi pale msalabani hakurudisha hata sindano moja aliyoiba. Aliamini tu, na siku ile ile akaingia peponi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Kaka yako, ambaye zamani mlimwita Chaji


27 Januari

Kaka, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 6 imenifikia tarehe 24. Imekaa njiani siku kumi na nane.

Mimi sijambo. Kazi ninayo, wamenihamishia masijala ya wagonjwa wa nje, natafuta faili za watu wasiokumbuka namba zao. Kaburi la mama nililijengea tarehe 12 Agosti, matofali ishirini na manne. Chumba chako cha kuchajia betri nimekifanya stoo ya mkaa. Sakafu bado ina yale madoa meupe pale simenti ilipoliwa. Nimejaribu kuyasugua, hayatoki.

Unasema niwasalimie wote. Wote wa hapa ni mtu mmoja. Nimesoma kurasa zako nne mara mbili nikitafuta kama umemtaja Wifi. Hukumtaja.

Kwa kuwa hukuuliza, nakujibu. Mkeo yu hai. Kwao walimkataa, waliogopa sura yake, kwa hiyo bado anakaa na mimi. Kila asubuhi saa kumi na mbili nachemsha maji yenye chumvi, yakipoa namsafisha macho, kwa sababu kope hazifungi na uchafu hujikusanya. Shingoni napaka mafuta mazito ili ngozi isikauke ikapasuka. Akienda kulala namfunika macho kwa kitambaa chenye maji. Haoni kitu. Mchana nikiwa kazini anakaa barazani kwa jirani yetu fundi cherehani, yule tunayemwita Mama Vifungo, anamchambulia vifungo kwa vidole: vya matundu mawili kushoto, vya manne kulia. Hakosei.

Barua nitaandika. Lakini kwanza niandikie wewe, kwa mkono wako, sentensi moja: ulimfanya nini Wifi asubuhi ile. Na nyingine ya kumwomba radhi, nimsomee. Sentensi mbili, kaka. Hata kwenye kadi zetu hospitalini zinaenea.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Neema na amani. Barua yako nimeipata, nikafurahi kusikia habari za kaburi la mama. Huku misumari imefika. Juzi fundi mmoja alianguka kutoka juu ya paa akaamka mzima, akadai chai. Mungu ni mwema.

Uliloniomba nimelitia katika maombi siku tatu, nimefunga, na nimepata jibu. Ile ajali ilikuwa ya mtu mwingine. Mtu yule amekufa, amezikwa katika maji ya ubatizo, mimi sina mawasiliano naye. Mungu ameyatupa yale yote nyuma ya mgongo wake. Wewe ni nani uzunguke huko nyuma kuyaokota?

Tangu utotoni ulikuwa hivyo. Nani kala, nani hakuosha chombo, saa ngapi, siku gani, yote daftarini. Baba alikuita Karani. Naona sasa unataka kuwa Karani wa mbinguni. Mdogo wangu, nakwambia kwa upendo: maji yako ya chumvi na mafuta yako hayatakufikisha popote. Mema yetu yote mbele za Mungu ni matambara. Unaweza kumsafisha mtu macho miaka mia ukafa ukaenda motoni na beseni lako mkononi.

Halafu kumbuka, si mimi peke yangu niliyezungumza na polisi siku ile. Sitasema zaidi.

Andika barua, uwape heri waumini. Mwezi wa tano si mbali.

Kaka yako katika Kristo


15 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 20 imefika tarehe 11. Mvua zimeanza. Paa la jikoni linavuja mahali pawili, nimeweka sufuria. Mama Vifungo ameharibikiwa na cherehani, mkanda umekatika, kwa hiyo siku hizi anashona kwa mkono na kutukana kwa mdomo.

Barua zako huwa namsomea Wifi pale barazani. Naruka baadhi ya mahali. Hii niliruka karibu yote.

"Chaji anasemaje?" Mama Vifungo aliuliza.

Nikamwambia, "Anakuwa mchungaji. Mwezi wa tano."

Akatema vifungo mkononi. "Chaji? Mchungaji? Basi na mbuzi wangu anasomea ushemasi."

Wifi akacheka. Anacheka vile vile kama zamani, kaka, ila upande mmoja wa mdomo hauendi. Ulikichukia kicheko kile. Kisha akaniuliza, "Na mimi, ameniuliza?"

"Anakusalimu."

"Wifi, wewe hujui kusema uongo," akasema. "Ndiyo maana nakupenda." Akaendelea na vifungo vyake.

Kuhusu mwizi wako wa msalabani. Nimemfikiria sana nikiwa kazini, katikati ya makabati. Ni kweli hakurudisha alichoiba. Lakini yeye alikuwa amepigiliwa misumari mikononi. Angetaka kurudisha angerudisha kwa mkono gani? Wewe mikono yako miwili iko huru. Inapanda ngazi, inapigilia mabati, na mwezi wa tano itainuliwa juu ya vichwa vya watu kuwabariki. Kuandika sentensi mbili tu ndiko kumeishinda.

Barua ya nyumbani nimekwisha kuiandika. Nimeifunga kwa gundi, nikaiandikia baraza la wazee kama ulivyoelekeza, na nimempa dereva wa lori la saruji anayekuja huko. Ndani yake hamna neno la uongo. Najua unatamani kujua nilichoandika. Usiulize. Unahubiri imani, basi amini.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu, kipenzi cha roho yangu,

Haleluya! Sijui nianzie wapi. Kwanza salamu nyingi. Paa limekwisha. Goti limepona lenyewe. Unaongea na Mchungaji.

Nikusimulie, kwa sababu kazi ni yako. Kanisa lilijaa hadi nje, watu wamesimama madirishani. Askofu mwenyewe alikuja. Nilipiga magoti mbele, mgongo kwa watu. Aliyepewa barua asome ni mzee mmoja fundi saa, mtu wa sauti ndogo, aliivaa miwani yake ya kazi yenye kioo kinene. Akafungua. Akasoma salamu zako. Halafu akasoma haya, nayajua kwa moyo:

"Kaka yangu alikuwa fundi wa betri. Miaka tisa iliyopita, saa moja asubuhi, mteja alilalamika kwamba betri yake imerudi bila chaji, na mke wa kaka yangu akacheka. Mteja alipoondoka, kaka yangu alichukua kopo la tindikali akammwagia mkewe usoni. Haikuwa ajali. Alipofuka. Kaka yangu aliondoka mwezi huo huo na hajarudi wala hajauliza hali yake. Ninyi mnaotaka kumwekea mikono, hayo ndiyo iliyoyatenda mikono yake."

Mdogo wangu, nilisikia mabati yakilia kwa jua. Mzee alishusha karatasi. Mimi nilijua nimekwisha. Niseme kweli, nilikulaani, palepale nimepiga magoti nilikulaani kwa jina ulilopewa na mama.

Ndipo askofu aliposimama. Akasema, "Ndugu zangu, kama huyu angekuwa ametenda kosa dogo, Kristo angekuwa amefia jambo dogo." Mwanamke mmoja akapiga kelele ya utukufu. Wakaanza kuimba. Watu arobaini na wawili walitoka mbele kuokoka siku ile, arobaini na wawili! Haijawahi kutokea. Waliniwekea mikono wengine wakilia.

Tangu hapo naitwa kila kanisa. Barua yako nimeitia katika fremu yenye kioo, nasafiri nayo, na kabla sijahubiri inasomwa. Wale wanaokuja na makosa yao madogo madogo, uongo, wivu, wakiisikia wanafarijika. Umenitengenezea ushuhuda ambao nisingethubutu kuutunga.

Sasa lipo ombi. Mwezi wa tisa tuna mkutano mkubwa wa siku tatu. Waumini wanataka kumwona. Mlete, akae kiti cha mbele. Hatasema kitu, atakaa tu. Naambatanisha tiketi mbili za basi.

Kitu kimoja tu kilinishangaza katika barua uliyosema haina neno la uongo. Umeandika nilikuwa wapi mimi, na yeye, na mteja. Hukuandika wewe ulikuwa umesimama wapi.

Mchungaji, kaka yako


24 Juni

Kaka,

Barua yako ya tarehe 2 imefika tarehe 21. Tiketi nazirudisha ndani ya bahasha hii. Wifi haji. Amekataa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na ndoo ya nguo mbichi. Unajua, kwa sababu ulinitazama kabla hujamwaga na ukamwaga vile vile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha sekondari hakijatimiza mwezi. Wewe ndiye uliyenishika bega ukaniambia, sema rafu ya tindikali imeanguka, mama akijua atakufa. Nikakaa kwenye kiti kile cha mbao kituoni nikaandika kwamba rafu ilianguka, hati nzuri, mstari kwa mstari, hata askari akanisifia. Wakafunga jalada. Mama akafa vile vile baada ya miezi minne.

Wifi nilimwambia nilikuwa nyuma ya nyumba naanika. Ameniamini. Aliniambia, kama ungeona, wifi, ungenisemea.

Nimehesabu katika shajara yangu. Toka atoke wodini hadi leo ni asubuhi elfu tatu mia moja na kumi na saba. Sijakosa hata moja, hata nilipougua homa, nilitambaa hadi jikoni. Nilipewa mchumba, nikamkataa kwa sababu alitaka tukaishi mbali. Wewe waite matambara. Mimi sina kingine.

Sikuombi tena sentensi zako mbili. Tembea na fremu yako. Ninakuomba jambo moja tu, na nimepiga magoti kuliandika: usimwambie. Nikimwambia atabaki na nani? Mikono yangu ndiyo pekee anayoijua.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Salamu katika Bwana. Sisi wazima, mkutano unakaribia, tumeazima mahema.

Nimeomba sana juu ya barua yako. Unajua unategemea nini? Unategemea beseni. Unafikiri ukimsafisha mtu mara elfu tatu, ile moja inafutika. Haifutiki. Ni Mungu tu anayefuta, na hafuti kilichofichwa.

Kwa hiyo nimemwandikia Wifi yako mwenyewe. Bahasha nimeituma kwa jina la fundi cherehani, ndiye atakayemsomea, kwa kuwa wewe una tabia ya kuruka mahali. Nimeweka na tiketi mpya.

Usinione mkatili. Wewe uliyafungua yangu mbele ya mamia ya watu. Mimi nimeyafungua yako mbele ya mtu mmoja. Na ona jinsi Bwana alivyonigeuzia yangu kuwa utukufu. Nani ajuaye, labda na wewe.

Mchungaji


11 Agosti

Kwa Mchungaji,

Barua yako ya tarehe 18 imefika tarehe 5. Ile nyingine ilitangulia. Ilifika tarehe 2, siku ya kazi, saa nne asubuhi, mimi nikiwa masijala nimepanda juu ya stuli.

Niliporudi walikuwa wamekaa barazani wote wawili. Vifungo vilikuwa vimechanganywa, vya mawili na vya manne, lundo moja. Mama Vifungo hakunitazama.

Wifi akasema, "Msomee na yeye. Asije akaambiwa na watu."

Mama Vifungo akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Ulikuwa umeandika: "Dada yangu alisimama mlangoni na ndoo ya nguo. Aliona kila kitu. Ndiye aliyewaambia polisi kwamba rafu ilianguka. Mimi nimekwisha samehewa. Msamehe na yeye."

"Soma tena hapo penye mlango," Wifi akasema.

Akasomewa. Akasomewa mara ya tatu. Nilipiga magoti nikamshika miguu, nikamwambia yote niliyokuandikia wewe, umri wangu, bega, kiti cha mbao. Alisubiri nimalize. Anasubiri vizuri, amejizoeza.

"Nilikuwa nasema hujui kusema uongo," akaniambia. "Kumbe ni mimi nilikuwa sioni." Akacheka. Nilidhani nitakufa kwa kicheko kile.

Nikasema, "Wifi, miaka tisa. Kila asubuhi. Hata homa haikunizuia."

"Ndiyo. Na kila asubuhi nilikushukuru. Nilikushukuru hata ulipoyaleta maji bado ya moto yakaniunguza, nikanyamaza ili usijisikie vibaya. Miaka tisa nilidhani unaniosha mimi. Kumbe ulikuwa unanawa."

Siku zilizofuata alikataa nimguse. Alijisafisha mwenyewe kwa kupapasa, jicho la kushoto likavimba. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Mlangoni tena.

Anakuja kwako. Mama Vifungo anamsindikiza kwa zile tiketi zako, wanaondoka wiki ijayo ili apumzike kwanza huko kwa ndugu wa Mama Vifungo hadi mkutano. Nilimwuliza anakuja kufanya nini. Akasema, "Si wanataka kuniona? Na mimi nataka kuwaona."

Nakuelekeza, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukuelekeza. Maji yachemke kabisa, kijiko kimoja cha chumvi kwa lita, yapoe mpaka uweze kuyashika bila kushtuka. Jicho la kulia kwanza. Pamba usiirudie. Kitambaa cha kulalia kiwe cha pamba tupu, kisiwe cha nailoni, na kikamuliwe kisidondoke. Usimweke juani. Usimkalishe karibu na spika. Akinyamaza usimsemeshe.

Mdogo wako


22 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Mimi siwezi kusema sijambo. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, fremu imefunikwa kwa gazeti.

Alifika siku ya pili ya mkutano. Walimwingiza wakati barua yako inasomwa, akakaa mbele na kilemba chake cheupe, mikono magotini. Sikujua kama nitaweza kumtazama. Nilimtazama. Sikujua ni kiasi kile. Hukuniandikia ni kiasi kile.

Nilihubiri juu ya mwizi. Nilipomaliza askofu akamwita jukwaani, akamwambia kwenye kipaza sauti, "Mama, huyu hapa aliyekukosea. Kristo amekwisha msamehe. Una neno kwake?"

Akasema, "Nipeni uso wake."

Nikapiga magoti. Akaweka viganja vyake usoni kwangu. Alipapasa paji, pua, hili kovu langu la kidevuni la utotoni, unalijua. Alikaa hapo kwenye kovu muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa laini, vya mtu anayechambua vitu vidogo.

Akasema, "Siye."

Askofu akasema, "Mama, una hakika?"

"Mume wangu namjua hata kwa vidole," akasema. "Aliyenimwagia maji ya betri ni mtu mzima, fundi, aliyekasirika kwa sababu nilicheka. Mnaniambia huyo alikufa, akazikwa kwenye maji. Basi amekufa bila kuniomba. Huyu ni mtoto, mmemzaa juzi. Huyu hajanikosea kitu. Sina cha kumsamehe."

Wakashangilia, mdogo wangu. Wakaruka. Walidhani ameniambia nimekuwa kiumbe kipya, kama ninavyohubiri. Ngoma zikapigwa. Ni yule fundi saa peke yake aliyekaa kimya ananitazama kwa miwani yake ya kazi. Nikamshika Wifi yako mkono wakati wanaimba, nikamwambia sikioni, "Ni mimi. Ni mimi Chaji. Nisamehe." Nililisema, unasikia? Lile uliloniomba tangu Januari nililisema.

Akavuta mkono wake, taratibu, kama mtu anayetoa nguo kwenye msumari isichanike. Akasema, "Mchungaji, mimi simjui Chaji wako." Akamwita Mama Vifungo, wakatoka.

Tangu siku hiyo sijahubiri. Nikijiandaa, nikifika pale ninaposema "nimesamehewa" nafunga Biblia. Usiku na mchana nasikia vidole hapa kidevuni. Kanisa linazidi kujaa, wananiambia ule ulikuwa muujiza.

Nitakuja mwenyewe, au nitaandika chochote unachotaka, sentensi mbili, mia mbili. Nitakwenda hata polisi. Mwambie aseme neno moja tu, hata liwe tusi, mradi alitamke akijua ni mimi. Mkalishe, umsomee hii yote. Usiruke mahali.

Chaji


14 Oktoba

Kaka,

Barua yako ya tarehe 22 imefika tarehe 9. Sina wa kumsomea.

Wifi hakurudi. Mama Vifungo alishuka kwenye basi peke yake tarehe 30, na begi moja. Anasema walipofika kwenye njia panda ya pili, Wifi alimwomba dereva asimamishe. Pana karakana pale, ya watu wasioona, wanafuma viti na vikapu. Alikuwa amekwisha ulizia habari zake kwa abiria, safari nzima ya kwenda. Akashuka na fimbo aliyoikata kwenye ufito wa mahema yenu. Njia panda ya barabara zipi, Mama Vifungo hataki kuniambia. Anasema ameapa.

Nikamuuliza macho yake nani atamsafisha. Akasema, "Huko wanasafishana wenyewe."

Polisi nilikwenda mimi. Tarehe 2, saa tatu asubuhi, kwenye kiti kile kile cha mbao, wamekipaka rangi. Niliandika yote, mlango na ndoo. Askari kijana alisoma, akaniambia bila mlalamikaji hana la kufungua, na jalada la zamani lililiwa na mchwa. Akanisifia hati yangu.

Bado naamka saa kumi na mbili. Jana nilijikuta nimechemsha maji na kutia chumvi. Nikayaacha yapoe, nikayamwaga uani.

Kwa hiyo neno lako unalolitaka siwezi kukupatia. Na mimi nilitaka langu. Nilimfuata Mama Vifungo jikoni kwake, ana vifungo mdomoni, nikamwuliza, "Siku mbili njiani. Alisema nini juu yangu?"

Akaendelea kushona.

Nikamwuliza mara ya pili. Nikamwambia hata kama ni laana, aniambie, nitaiandika ilivyo.

Mara ya tatu akavitema mkononi, kimoja kimoja.

"Mwanangu," akasema, "hakukutaja. Wala wewe wala yeye."

Mdogo wako